Chapa ya Mwezi na Nukta Tatu

Tarehe 4 Februari 1986

Kwako Dada,

Kabla ya salamu, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na mtu ambaye katika mji huu wote, wenye chuo, mahakama na hospitali ya ghorofa nne, hana mpinzani kwa kujua chuma. Nikigonga bomba kwa ukucha nakwambia limechomelewa na fundi wa mkono wa kushoto, na kwamba siku hiyo alikuwa amenuniana na mkewe. Shule niliiacha darasa la saba, lakini si kwa kushindwa kama unavyowaambia walimu wenzako. Niliionea huruma. Ilikuwa inachoka kunifuata.

Sasa salamu. Mimi mzima, karakana nzima, milango ya chuma tunaichomelea kutwa kucha na tajiri wetu anasema bila mimi angefunga duka. Hajasema kwa mdomo lakini macho yanasema. Msalimie Babu. Mwambie mke wake mdogo, yaani wewe, asimbanie sukari.

Bunduki imefika salama. Kibali cha kuisafirisha nilikiweka mfuko wa shati, na bunduki yenyewe nikaikumbatia ndani ya lile blanketi la kijivu kama mtu aliyebeba mgonjwa. Jumba la makumbusho liko nyuma ya posta. Mtunza silaha za kale ni mama wa makamo, mwembamba, ana miwani ya puani na mingine imening'inia shingoni. Jina lake alinitajia nikalisahau palepale. Mimi namwita Bi Miwani.

Nilipofungua blanketi hakusema karibu wala pole na safari. Alivaa glavu nyeupe. Dada, umewahi kumwona mtu mwenye nia njema akivaa glavu kabla ya kushika mali ya mwenzake?

"Gumegume," akasema. "Ya marisau, ya kuwindia ndege. Nani aliiunda?"

"Baba yake babu yangu. Mhunzi. Mtutu, mtambo, kifyatulio, mpaka skrubu."

Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Kijana, bunduki nyingi za namna hii zililetwa na wageni. Wahunzi wetu walizitengeneza zilipoharibika. Kutengeneza si kuunda."

"Na vyungu navyo viliagizwa?"

Hakucheka. Nadhani meno yake anayahifadhi kabatini pamoja na mikuki.

"Kuna chapa ya fundi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Juu ya mtutu, karibu na mtambo, mwezi mchanga na nukta tatu chini yake, chapa ya ukoo wetu. Bi Miwani akavaa miwani ya shingoni juu ya ile ya puani, akainama, akakaa ameinama mpaka mimi nikachoka kiuno kwa niaba yake. Kisha akasema, "Hm." Basi. Ile Hm sikuipenda.

Mpango wenyewe ni huu. Tarehe tano Aprili wanafungua chumba cha wahunzi wa zamani. Kila kitu kitakuwa na kadi yenye jina la aliyekiunda. Wakiridhika, kadi yetu itaandikwa "Imeundwa na," halafu jina la baba yake Babu, herufi kubwa. Msomee Babu hapo polepole. Najua hakuna kingine anachokingoja.

Ni mimi,
Msumari


Tarehe 15 Februari 1986

Kwako Msumari,

Barua imefika. Majivuno yako yameongeza uzito, nashangaa posta hawakudai stempu ya pili.

Nimemsomea Babu mahali pa kadi mara tatu. Mara ya nne alikuwa anaisema mwenyewe bila mimi. Macho yake sasa yanaona kivuli tu, lakini alikaa wima kama amevaa koti. Akanihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Anasema baba yake aliitwa mwizi mpaka anaingia kaburini. Watu walisema bunduki ile aliiokota kwa askari aliyekufa njiani, kwamba mtu wa majembe na shoka hawezi kuunda mtambo. Hata wajomba zake mwenyewe walisema. Alipokufa, mzee mmoja aliyekuja kuzika aliuliza mbele ya watoto, "Sasa kitu cha wizi kinarithiwa na nani?" Babu alikuwa na miaka tisa. Anasema tangu siku hiyo anangoja mtu aandike.

Kwa hiyo usicheze na jambo hili.

Sasa niambie. Chapa gani? Bunduki ile naipaka mafuta mimi, kila shule zikifungwa, tangu nina miaka kumi na miwili. Mtutu ule naujua kwa vidole, hata taa ikizimwa. Sijawahi kugusa mwezi wala nukta. Ama macho yako yana homa, ama kitu ulichomwonyesha huyo mama si bunduki yetu. Nakuuliza kama dada yako, na usikasirike, maana ni wewe uliyewahi kumwuzia jirani baiskeli ya jirani mwingine.

Sehemu ya chapa nimeiruka nilipomsomea Babu. Sikutaka kumtia wasiwasi.

Dada yako


Tarehe 27 Februari 1986

Kwako Dada mwenye vidole vya polisi,

Mambo ya baiskeli yalikwisha na jirani alinisamehe, wewe tu ndiye umebaki na kesi. Chapa ilikuwepo. Mafuta yako ya miaka yote yameganda juu yake kama ukoko wa sufuria, mimi nikayatoa kwa petroli na kitambaa, ikajitokeza. Ndiyo tofauti ya fundi na mwalimu. Usiniulize tena.

Aliyefaa kuulizwa ni huyu Bi Miwani. Nimemweka chini ya ulinzi. Kila mapumziko ya mchana natoka karakana mbio, nala mkate njiani, nazunguka nyuma ya jumba lake ambako dirisha la chumba cha kazi liko usawa wa kidevu changu nikisimama kwenye tofali. Juzi nikachungulia, Dada, nikaona bunduki imevuliwa nguo. Mtutu umetolewa kwenye kitako! Umelala peke yake juu ya kitambaa cheupe, mtambo uko pembeni, na skrubu zimepangwa kwenye kisahani. Yeye ameshika lenzi anatazama upande wa chini wa mtutu, ule ambao huwa umelaliwa na mbao.

Nikagonga kioo. "Mama! Hiyo si samaki, usiitoe matumbo!"

Hata hakushtuka. Alinifungulia mlango wa nyuma, akanipa kiti, akaanza kuniuliza kama mimi ndiye niliyemchungulia. Kweli nilimchungulia, lakini hata hivyo.

"Nani mwingine aliishika kabla ya kuja hapa?"

"Babu, dada, na mimi."

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi mkuu wa vyuma."

"Una nyundo na tupa za chuma hapo kazini?"

"Na wewe una kisu jikoni. Sijakuuliza umemchinja nani."

Akaandika kitu kwenye daftari, akafunika kwa kiganja. Mtu anayefunika anachoandika ana nini? Nakwambia anataka kubadilisha vipande, abaki na vyetu, atuwekee vya ovyo. Lakini nami si mjinga. Nimeyaweka kichwani makovu yote ya kitako, yako kumi na moja. Akitoa moja tu, nitajua.

Mwambie Babu kila kitu kinakwenda vizuri.

Msumari


Tarehe 11 Machi 1986

Ndugu,

YAH: BUNDUKI YA GUMEGUME ULIYOTULETEA

Nakuandikia rasmi kwa sababu kila tunapozungumza ana kwa ana unageuza maneno kuwa mzaha.

Bunduki imechunguzwa na mimi pamoja na mhunzi mstaafu aliyealikwa na kamati. Chapa iliyo juu ya mtutu ni mpya. Imekata kutu ya zamani na kufikia chuma cheupe, kisha ikapakwa masizi na grisi ili ionekane ya zamani. Kwa makadirio yetu haijafikisha miezi mitatu.

Tulipotoa mtutu kwenye kitako tulikuta chapa ya pili upande wa chini, umbo lilelile, ukubwa uleule. Hiyo ina kutu ndani yake. Kama ingekuwa peke yake, ningekuwa na furaha ya kuandika jina la fundi wenu. Lakini zote mbili zimepigwa kwa chuma kimoja, na aliyepiga ya juu alijua namna ya kuzeesha kazi yake. Wanakamati wanauliza nani atathibitisha kwamba hakuipiga na ya chini, akaizeesha kwa ustadi zaidi. Mmoja wao anadai bunduki nzima ni ulaghai na anataka suala lifikishwe polisi. Nimeomba nipewe muda.

Kwa sasa kadi itaandikwa "Fundi hajulikani." Kama wewe au mtu wa familia yako anajua ni nani aliyepiga chapa ya juu, na kwa nini, maelezo yenye sahihi yanifikie kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Wako,
Mtunza Silaha za Kale


Tarehe 14 Machi 1986

Dada,

Leo sina utani. Nimekunakilia barua ya Bi Miwani neno kwa neno, isome.

Unaona? Niliwaambia! Amekaa na bunduki peke yake mwezi mzima, ana nyundo, ana lenzi, ana kila dawa ya kuchezea chuma, halafu anasema chapa ni mpya. Nani mwingine angeipiga kama si yeye? Na ile ya chini ameipiga yeye pia ili mambo yachanganyike. Watu wa kamati hawataki jina la mhunzi wa kwetu likae pale, wameshaamua kwamba sisi ni watu wa kutengeneza vya wenzetu. Sasa wanataja polisi. Jana mtu wa koti refu alikuja karakana akauliza bei ya dirisha, akaondoka bila kununua. Mtu gani anauliza bei ya dirisha bila kipimo? Tangu hapo natazama mlango kuliko kazi. Tajiri ameniuliza kama nina deni la mtu.

Nakuomba kitu kimoja. Andika barua kwa makumbusho. Sema wewe ndiye unayepaka bunduki mafuta, na chapa ya juu umeiona tangu utoto. Wewe ni mwalimu, mwandiko wako unaaminika hata ukiandika uongo. Yaani hata ukiandika chochote.

Na Babu msomee, lakini mwambie nalishughulikia.

Msumari


Tarehe 22 Machi 1986

Kwako mdogo wangu,

Sikuandika hiyo barua uliyoiomba. Sijaona chapa ile utotoni wala ukubwani, na mkono huu ndio ninaoshikia chaki mbele ya watoto.

Lakini nilimsomea Babu yote, ya kwako na ya huyo mama, bila kuruka. Nilipofika kwenye chapa ya chini ya mtutu, alicheka. Miezi mingi sijamsikia akicheka vile.

"Wameifikia?" akasema.

"Babu, ulijua ipo?"

"Nisijue nini? Fundi hajichapi usoni, mama. Hujichapa pale ambapo ni fundi mwenzake tu atapaona, siku akiifungua kazi yake. Mwenye kununua yamtosha kujua inapiga. Jina ni salamu ya fundi kwa fundi."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa hamjauliza."

 Akaniomba nisome tena maneno ya chapa ya juu, na ya polisi. Nikasoma. Akaniambia nimletee ule mkebe wa vyombo vya baba yake. Akapekua kwa vidole, kimoja kimoja, tindo, koleo, na ile patasi fupi. Akapekua tena. Chuma cha kupigia chapa hakimo. Nikamwuliza kimekwenda wapi, akasema alikitupa chooni zamani. Msumari, chuma kile nilikiona mwaka jana nikitafuta sindano.

Asubuhi yake alinitaka nikae na kalamu. Hapa chini ni maneno yake, nimeyanakili kabla ya kuyatuma:

"Mimi, mwenye bunduki, nathibitisha kwamba chapa zote mbili, ya juu na ya chini, nimezipiga mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Baba yangu hakuunda bunduki hii. Aliiokota. Mjukuu wangu hajui lolote na asisumbuliwe."

Nikamwambia, "Babu, macho yako hayaoni kijiko, umepigaje chapa?" Akasema niandike kama alivyosema. Nikamwambia sitaki. Akanishika kifundo cha mkono, akanishikilia mpaka nikaandika, kisha akaweka dole gumba. Alipoondoa kidole karatasini akaomba maji ya kunawa wino, akanawa mara tatu. Tangu hapo hajataja kadi. Nimepeleka barua posta jana.

Jioni ananiambia fundi hujichapa kwa siri, asubuhi ananiambia baba yake aliokota. Na wewe unaniambia mafuta yangu yameganda. Mmoja wenu ananidanganya, au nyote wawili. Mimi ndiye ninayesoma barua za nyumba hii na mimi ndiye nisiyejua kitu. Niandikie.

Dada yako


Tarehe 6 Aprili 1986

Kwako Babu,

Barua hii ni yako. Dada, msomee yote, usiruke hata mahali ambapo utataka kuja kunizaba kofi.

Barua ya Dada ilinifikia tarehe ishirini na saba, saa nne, nikiwa juu ya ngazi nashika bawaba. Niliisoma hapohapo juu. Nilipofika kwenye dole gumba nilishuka, nikavua aproni, nikaenda makumbusho na jasho langu. Chuma cha chapa kilikuwa mfukoni mwangu. Kimekuwa mfukoni mwangu tangu siku niliyoondoka nyumbani, nimekitembeza mji mzima, na kila alipopita askari nilikishika nikidhani kinapiga kelele.

Bi Miwani alikuwa na barua yako mezani, Babu. Alikuwa ameiweka kwenye bahasha ya plastiki kama kitu cha thamani. Nikaweka chuma juu ya meza.

"Ni mimi," nikamwambia. "Ile ya juu ni yangu. Ya chini siijui, nimeisikia kwako."

"Najua," akasema. "Mzee wa miaka themanini na sita asiyeona hawezi kupiga chapa iliyonyooka hivyo. Nilikuwa nangoja nione utakuja kwa miguu yako au la."

Alinipeleka mbele ya kamati, watu watano na birika la chai ambalo hakuna aliyenikaribisha. Wakanipa kipande cha chuma nipige chapa mbele yao, nikapiga. Wakaniuliza masizi nilitoa wapi, nikawaambia, kwenye chimni ya taa ya Dada. Mhunzi mstaafu akashika mkono wangu, akaugeuza, akasema, "Mkono mzuri, kichwa kibovu." Niliwaambia barua yako ni ya uongo, Babu, na nisamehe kwa kukuita mwongo mbele za watu, lakini ndiyo mara ya kwanza nimekuita hivyo kwa haki. Polisi hawakuitwa. Yule wa koti refu alirudi karakana na kipimo. Alitaka dirisha kweli.

Jana walifungua chumba. Bunduki iko kwenye kabati la kioo katikati, mtutu umeinuliwa juu ya kitako chake, na chini yake wameweka kioo kidogo cha kujitazamia ili watu waone chapa ya chini, ile ya baba yako. Watu walipanga mstari kuinama. Ile ya kwangu wameifunika kwa kitambaa chembamba kama kidonda. Makovu ya kitako yapo yote kumi na moja.

Kadi imeandikwa hivi, nimeinakili: "Inasemekana imeundwa na," halafu jina la baba yako, kamili, herufi kubwa.

Nilimwuliza Bi Miwani hiyo inasemekana ni ya nini. Akavua miwani yote miwili. Akasema, "Ungeniletea bunduki isiyo na alama yoyote juu, ningeifungua vilevile, ndiyo kazi yangu. Ningekuta ile ya chini peke yake, ningeandika 'Imeundwa na,' na hakuna ambaye angebisha. Sasa kila atakayekuja baada yangu atajua kwamba chuma kilikuwa mkononi mwa familia, na kwamba familia ilikitumia. Nimepigana siku tisa kupata hilo neno. Wenzangu walitaka 'hajulikani.'"

Kwa hiyo, Babu, lile neno nimelipiga mimi. Halitoki kwa petroli.

Nimewaambia wote, Bi Miwani na kamati, kwamba nilipiga chapa ili kuisaidia bunduki. Nao wameamini, wanasema kijana alipenda sana. Si kweli, na wewe sitaki ukae na uongo wa kupendeza.

Mchana ule kabla sijasafiri, niliitoa bunduki uani nikaitazama kila mahali. Nilitafuta chapa juu, pembeni, kwenye mtambo, hata kwenye kitako. Sikuona kitu. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni unaota jua, hatua sita tu, ungenisikia hata ningenong'ona. Nilitazama bunduki, nikakutazama wewe, nikasema moyoni kwamba mzee ametudanganya miaka yote, baba yake aliiokota kama walivyosema. Ndipo nikaenda kwenye mkebe.

Sikukuuliza, Babu, kwa sababu sikukuamini.

Mjukuu wako